Mikono Mitupu

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mikono yangu. Tangu nihamishiwe kwenye beseni la kuoshea nywele hapa saluni, naosha vichwa ishirini kwa siku, na rangi ya nywele naipaka kwa vidole kama ulivyonifundisha. Ngozi imechubuka, inawasha. Wenzangu wanavaa glavu, wananicheka: "Huyu ana mikono ya chuma!" Nikivaa na mimi, utakasirika?

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Miguu inanisumbua, mengine salama. Glavu hapana. Mteja akiguswa kwa mpira hudhani unamwonea kinyaa, na nywele hujulikana kwa kidole. Mimi nilifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa kwa mikono mitupu. Paka mafuta. Kazi mbaya si mchezo mwema.

Mama yako

19 Juni

Mama,

Shikamoo. Nilikutii. Sasa vidole vimepasuka hadi damu. Kifungo cha shati la mtoto kinanishinda. Nikimshika shavu anajivuta: "Mama, unaparuza."

Daktari wa ngozi anasema maji na sabuni vilikula ngozi kwanza, kisha rangi ikaingia. Mwili umeikataa, na huenda usiikubali tena kamwe. Ningevaa glavu tangu mwanzo, pengine ningesalimika. Jumamosi nilirudisha aproni ya saluni.

Daktari aliuliza nani alinikataza. Nikamwomba aniandikie dawa.

Mwanao

26 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu. Nilikuambia niliacha saluni kwa sababu ya miguu. Nilikudanganya. Ilikuwa mikono. Niliona aibu kwamba kazi ilinishinda, nikataka wewe uiweze. Uliponiuliza habari ya glavu, jibu nilikuwa nalo.

Mama yako

2 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Mtoto hajambo? Wiki ya kumi hii sijapata neno lako.

Jana nilikwenda kwenye saluni yangu ya zamani nikawaonyesha wasusi mikono yangu. Niliwaambia: vaeni glavu kabla ya kugusa maji na dawa, kausheni vidole, msingoje kuwashwa. Mmoja, uliyesoma naye, akaniuliza, "Bi Mkubwa, na mwanao ulimwambia?" Nikachukua mkoba wangu, nikatoka.

Kama vidole haviwezi kushika kalamu, mwombe mumeo akuandikie. Kama vinaweza, ila moyo hautaki kuniita mama, niandikie hilo. Nitalisoma.

Mama yako