Vigae vya Busia

Nafula mdogo wangu,

"Ajuaye Kiholanzi na Kihispania atatafsiri chochote," anadai bosi wako. Si kweli. Jana Busia nilimwambia mama mwenye hoteli, aliyekulia katika Kiswahili, kwamba unatafuta mtafsiri wa ripoti ya wanaakiolojia kuhusu vigae, kutoka Kiholanzi kwenda Kihispania.

"Vigae viko vingi, dada. Twende."

Akanipeleka duka la vifaa vya ujenzi nichague vya chooni. Mimi nilikuwa nasema vipande vya vyungu vya kale. Lugha anaijua, uchimbaji haujui.

Mwamba wa Tororo ulio kwenye kadi hii umefunikwa na mvua, nami nakula ugali wa wimbi huku nacheka. Lakini ripoti itachapishwa kwa jina lako. Nawapenda wote nyumbani. Wewe na bosi wako, mtafuteni mtafsiri aliyewahi kukaa shimoni na wachimbaji.

Dada yako