Desideri Anakuja Kunyolewa

Lindi mjini,
Jumapili, baada ya misa ya pili

Kwa mke wangu mpendwa, Anastazia,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu kwa heshima ile ile niliyokusalimu nayo siku ya kwanza, mbele ya mjomba wako, kofia ikiwa mkononi na maneno yote niliyoyaandaa yakiwa yamenitoka. Natumaini uko katika amani, na kwamba ile miguu iliyokuwa ikikuvimba haikusumbui tena. Mimi ni mzima wa kiasi, isipokuwa macho, ambayo siku hizi yananitaka niandike karibu na dirisha.

Kabla sijaendelea, niwie radhi kwa kuchelewa. Tumekwisha kuokota korosho misimu miwili tangu tulipokuzika, na katika muda wote huo sijakuletea hata mstari mmoja. Si kwamba nilikusahau. Mara nyingi nilishika kalamu, nikaandika jina lako, nikaishia hapo. Maana kila nilipotaka kukupa habari za nyumbani nilikutana na habari za Desideri, na hizo sikujua nizianzie wapi. Wewe uliondoka ukijua kwamba kitinda mimba wetu yuko kambini Dar es Salaam na anakimbia. Ile picha yake akiwa amevuka utepe ulikuwa umeibandika kwenye kabati la vyombo, na kila mgeni aliyetaka maji alionyeshwa picha kwanza.

Leo sina budi kuandika. Kesho Desideri anakuja Mtama, kaburini kwako, kunyolewa na kaka yako Polikarpi. Anakuja peke yake. Nisingependa akufikie wewe ukiwa hujui lolote, na pia, samahani kwa kusema wazi hivi, nina hofu kubwa, na sina mtu mwingine wa kumweleza.

Nianze na siku ya mazishi yako. Desideri alifika asubuhi ile akitetemeka, jasho linamtoka, makamasi na machozi hayaachani, hawezi kukaa wala kusimama. Dada zako walimweka katikati yao, wakampepea kwa kanga, wakamnywesha uji kwa kijiko. Nilisikia wakisema, "Mtoto huyu ndiye aliyempenda mama yake kuliko wote." Nami niliamini, Anastazia. Katika siku ile mbaya kuliko zote hilo ndilo lililonifariji. Kumbe mwanao alikuwa mgonjwa wa ile hali ambayo wenzake wanaiita arosto, yaani mwili unadai unga wa kulevya uliouzoea na haujaupata. Tulimpepea kwa ajili ya msiba, naye alikuwa anaungua kwa jambo jingine.

Siku iliyofuata alitoweka. Unajua desturi ya ukoo wenu: watoto wa marehemu wananyolewa na mjomba wao, kila mtoto kwa wembe wake, wanaogeshwa, wanakaa na ukoo siku saba, ndipo matanga yanaisha. Polikarpi alikuwa amekwisha kugawa nyembe. Wembe wa Desideri ulibaki ndani ya karatasi yake. Kaka yako akaufunga kwenye kitambaa na kuutia sandukuni. Dada zako wale wale wakageuka. "Kamkimbia mama yake," walisema. Neno hilo limetembea Mtama nzima, na mpaka leo halijachoka.

Naomba unisamehe ikiwa nitaeleza yanayofuata kwa ufupi. Niliyasikia kutoka kinywani mwake, kidogo kidogo, na mengine bado hajayasema. Alichanika msuli wa paja wakati mashindano yamekaribia. Aliona aibu kumwambia kocha, kwa kuwa nafasi yake ilikuwa ikitazamwa na vijana watatu. Mwenzake wa chumbani akampa sigara iliyochanganywa na unga. Aliniambia, "Baba, usiku ule nililala kama mtoto. Asubuhi nilikimbia sisikii mguu." Alikimbia hivyo mara mbili, akashinda mara moja. Baada ya hapo haukuwa tena mguu uliodai. Aliuza viatu vyake vya misumari, akaondolewa kambini, na wewe ulipokuwa kitandani ukiniagiza nimwambie ale vizuri, alikuwa analala kwenye vibanda nyuma ya uwanja.

Unakumbuka alivyokuwa mdogo? Ulikuwa unabandika maji ya ugali, unamtuma chumvi dukani kwa Waarabu, naye anarudi kabla maji hayajachemka. Ulikuwa unamtazama mlangoni na kusema, "Umerudi, au hujaenda?" Naye anacheka kwa pumzi zilizokatika. Samahani. Nilikusudia kuandika kwa mpangilio.

Mwaka jana, wakati wa ufuta, nilipigiwa simu na mama mmoja wa Tingi, kule Kilwa, ambaye simjui. Alisema, "Shikamoo mzee. Kuna kijana hapa shambani kwetu, anasema ni wako. Kazi hawezi, anatetemeka tu, na watoto wangu wanamwogopa. Njoo umchukue, mimi nimemfunika kanga." Nilikwenda. Mama yule ni Mwislamu wa swala tano, na alimwangalia mwanao kama wa tumbo lake. Jina lake nalitaja katika sala zangu kila jioni. Desideri aliponiona hakusema shikamoo. Alisema, "Baba, usinipeleke Mtama." Sikumpeleka. Nilimleta hapa Lindi, nikapanga chumba kimoja, na shamba letu la mikorosho nikalikabidhi kwa Polikarpi. Hapa ndipo ninapokuandikia.

Hapa kuna kituo ambacho wagonjwa wa namna yake hupewa dawa ya maji. Hainywewi nyumbani. Kila asubuhi anakwenda, anapewa kikombe kidogo, anakunywa mbele ya muuguzi, kisha anatakiwa kusema neno lolote, ili ionekane kwamba amemeza. Wenzake husema "asante" au hutaja majina yao. Desideri humtania muuguzi: "Leo umependeza, nani kakununulia viatu?" Muuguzi naye hujibu, "Meza kwanza, uongo baadaye." Mimi huketi kwenye benchi nje, nikisikia sauti yake ndipo napumua. Dawa hiyo si ya siku chache. Inamshika mtu asiangukie tena kwenye unga, na asipoinywa, kesho yake mchana arosto inaanza upya.

Sitakuficha kwamba ameteleza. Ilikuwa kabla ya mfungo wa Waislamu. Alikwenda kusaidia kushusha samaki sokoni, akarudi macho yamelegea na ulimi mzito, na nilijua. Nilikaa nikasubiri aniambie uongo. Hakuniambia uongo wala kweli, alilala. Asubuhi alitangulia kituoni, nikamkuta amekwisha kumweleza muuguzi yeye mwenyewe. Muuguzi akanitazama, akasema, "Mzee, huyu kajisema. Wengi tunawakamata, hawa wanaojisema ni wachache." Niliishika sentensi hiyo, na bado nimeishika.

Siku hizi jioni anakimbia tena, kando ya barabara ya pwani, polepole. Hafiki mbali, anakohoa. Vijana wa bodaboda wanampigia kelele, "Mkimbiaji, leo unamkimbia nani?" Naye huwajibu, "Nakukimbia wewe, usinikope mafuta!" wakacheka wote. Mimi sicheki. Ninahesabu vichwa vyao na kujiuliza ni yupi kati yao anajua mahali unga unapouzwa.

Sasa nifike kwa shemeji. Polikarpi alikuja kututembelea mwezi uliopita. Alimkuta Desideri amenenepa kidogo, akamshika bega, akamzungusha kama mtu anayenunua mbuzi. "Miguu ipo," alisema. Kisha akanigeukia mimi, na lile jina la utani alilonipa: "Bwana Karani, wewe umesoma kwa mapadri na sisi tunakuheshimu. Lakini huyu ni mtoto wetu. Katoka msibani na nywele za matanga kichwani, na wewe unashangaa miguu inampotea? Dawa gani hiyo ya kunywa kila siku kama maziwa ya ndama? Mlete anyolewe. Akae siku saba kama watu." Nilimweleza habari za kituo kwa adabu yote niliyo nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana yeye ni muungwana, kisha akasema, "Umemaliza? Haya. Mlete anyolewe."

Usimkasirikie kaka yako. Ana haki, na anampenda. Mikorosho ile ni ya upande wenu, na mtoto ambaye matanga yake hayakuisha hawezi kusimama mbele ya ukoo akapewa hata mstari mmoja wa miti. Mimi ni mzee, chumba hiki ni cha kupanga, na nikiondoka Desideri atabaki na nini mkononi? Lakini siku saba, Anastazia! Muuguzi hakubali kumpa dawa ya kubeba, kwa sababu ya kule kuteleza. Ananyweshwa kesho asubuhi, na keshokutwa asubuhi lazima awe amerudi. Akizuiwa, arosto itamkuta pale pale penye kaburi lako, mbele ya macho ya dada zako na wajomba, na nyuma ya kituo cha mabasi cha Mtama wapo vijana wauza unga wanaomjua kwa jina. Nilipiga simu nikamwomba Polikarpi amnyoe kesho na kumruhusu alfajiri ya pili. Alijibu, "Akifika tutaona." Nimeyageuza maneno hayo tangu Alhamisi, na sijapata upande wake mzuri.

Nilitaka kwenda naye. Nilikwisha kupiga pasi kanzu ya Jumapili. Desideri akaniomba niketi, akasema, "Baba, ukija na mimi, mjomba ataona umenileta. Nataka aone nimekuja." Nikamuuliza, je, wakimzuia? Akasema, "Nitawaambia. Nitawaambia wote, pale pale wanaponinyolea. Nitasema siku ile hamkuona kilio, mliona unga." Nikairudisha kanzu msumarini. Niliwahi kuwaza kwamba ujasiri wa mtoto huyu uko miguuni tu.

Kwa hiyo nakuomba, mke wangu, kama inaruhusiwa huko uliko, mlainishe kaka yako. Wewe pekee ndiye aliyekuwa anaweza. Ulikuwa unamwita "Poli" kwa sauti ya chini, naye analegea kama kamba iliyolowa. Mwite hivyo kesho. Na Desideri akianza kusema mbele yao, usiache sauti yake ikatike. Akishindwa, akanyamaza, akapitia nyuma ya kituo cha mabasi, usimtazame kwa hasira. Hilo niachie mimi.

Nakuaga sasa, maana mwanga wa dirishani umepungua. Nakuahidi jambo moja. Keshokutwa nitakuwa kwenye benchi la kituo mapema kuliko siku zote. Asipotokea, sitakaa kumlaumu yeye wala ukoo wako. Nitavaa kanzu yangu na kuja Mtama, na nitamtafuta nyuma ya mabasi, na Tingi, na Dar es Salaam, nitamfunika na kumrudisha, hata kama ni mara ngapi. Pumzika kwa amani, Anastazia, nami nisamehe kwa yote niliyoyaandika vibaya.

Mchukuzi wa barua hii ni Desideri mwenyewe. Ataisoma kwa sauti hapo ulipo, au ataiweka tu chini ya jiwe, atakavyoona inafaa. Tulifundishwa shuleni kwamba barua inayopita kwa mkono wa mtu unayemwamini haifungwi kwa gundi, kwani kuifunga ni kumtusi mchukuzi. Bahasha nimeiacha wazi.

Mumeo mtiifu,
Simeoni