Karanga Nilizokaanga Bila Kuchagua

Jumapili, alasiri. Ukungu umefunika kijiji chote cha Kiogoro na mvua ya mawe imetoka kupita sasa hivi. Sentensi hii nimeifuta mara tatu.

Ninaogopa.

Juzi nilimpelekea Bwana Nyakundi, mwenye duka la vyakula mjini Nyamira, kopo moja la granola yangu: shayiri, asali, siagi ya karanga niliyoisaga mwenyewe, na vipande vya ndizi na nanasi nilivyovikausha. Akiridhika, bidhaa yangu itapata nafasi kwenye rafu zake. Nilimweleza kila kitu kwa ufasaha wote wa shahada yangu ya sayansi ya chakula. Alisikiliza, akaligeuzageuza kopo, kisha akauliza, "Na wewe huli?" Nilimjibu kwamba limefungwa kitaalamu. Akatabasamu, akasema atawapelekea wajukuu.

Leo baada ya ibada, Mama alitaka karanga za kuungia mboga. Akazimwaga kwenye uteo wa kupepetea zile zilizobaki katika gunia nililotolea karanga za granola, akazichambua kwa vidole. Nyingi zilikuwa zimesinyaa, nyingine zina vumbi la kijani.

"Kemunto, ulichagua hizi kabla ya kukaanga?"

"Nilizikaanga zikaiva vizuri, Mama."

"Sijauliza moto. Nimeuliza kuchagua."

"Hapana."

"Miaka minne chuoni! Nyanya yako hakuijua hata kalamu, na angekupokonya hiyo sufuria."

Ninachokiri hapa ni kwamba nilijua. Moto huua kuvu, lakini sumu yake hubaki. Niliwahi kuyaandika hayo katika mtihani, nikasifiwa. Nyumbani, kuchagua karanga moja moja nilikuona kazi ya wazee wasio na haraka. Nilipoonja jikoni, asali ilikuwa imeuficha uchungu.

Nilimpigia Bwana Nyakundi mara mbili. Hakupokea. Kisha nikaiweka simu mezani na kujiambia kwamba huenda karanga mbovu zilikuwa chache, kwamba hakuna atakayejua.

Dakika hiyo inanitisha kuliko kuvu.

Nikapiga tena. Alipopokea, nilimwambia yote bila ufasaha wowote.

"Kopo lako liko juu ya kabati, binti yangu," alisema. "Halijafunguliwa."

Nilikaa chini sakafuni.

"Kwetu mpishi huonja mbele ya mgeni. Wewe ulikataa. Chakula ambacho mwenyewe hakukila mbele yangu, niwape wajukuu?"

"Nisamehe, Baba."

"Hili nitalitupa. Jumanne njoo na lingine. Na uje na kijiko chako."

Nilidhani hofu ingeondoka hapo. Haijaondoka. Watoto wale wameokolewa na mila ambayo mimi niliidharau, wala si na elimu yangu.

Mama ameleta karanga nyingine, akazimimina kwenye uteo na kuniacha peke yangu. Ninazigeuza moja moja kwenye mwanga wa dirisha.

Hii ina doa, au ni kivuli cha kidole changu?

Ninaitupa.

Jumanne, nitakapoinua kijiko mbele ya mzee yule, je, mkono wangu utakuwa umetulia?