Parrain wa Mwanangu Amekimbilia Mahakama ya Ufilisi

Bi Earline mpendwa, nisaidie maana hapa nilipo sijui nishike lipi niache lipi, kimbunga kiliondoka na paa letu, na bima walipotoa hela nilimpa nusu Alcide Fontenot, fundi wa kuezeka, bila kuandikiana chochote, kwani Alcide ndiye parrain wa binti yangu Marcelline, alimsimamia ubatizo, na hapa kwetu nani anathubutu kumwambia parrain atie sahihi? Akabomoa yaliyobaki, akatandaza turubai la bluu, kisha akaja na tabasamu, "Vigae vimeshanunuliwa, cher wangu, viko ghalani Baton Rouge, nipe iliyobaki nivilete," nikampa, kumbe hakununua hata kimoja, hela ameziba nayo madeni yake mengine, na sisi mvua inatunyeshea ndani, ukungu umepanda hadi dari, mama yangu anakohoa mpaka anatapika. Nikamshtaki hapa mjini, lakini kabla kesi haijasikilizwa Alcide akaomba ufilisi mahakama ya shirikisho, hakimu wetu akasema hawezi kuendelea, nami nikaarifiwa kwamba mwenye pingamizi alipeleke huko kabla ya mwisho wa mwezi huu. Jumapili Alcide akanifuata nje ya kanisa. "Verlene, kule ni mimi na mabenki, wewe hakukuhusu. Yakiisha tutarudi kwa hakimu wetu, tutaelewana." Na mume wangu Royce ananifokea, "Umwite parrain wa mtoto mwongo mbele za watu? Marcelline utamwambia nini?" Bi Earline, nilimpenda Alcide kama kaka, sasa namchukia hadi naona aibu kwenda komunyo. Nisubiri?

Verlene, Lake Charles

Verlene, pole sana. Sasa nisikilize, na usikasirike.

Kumpa mtu hela zote za paa kwa sababu alimbeba mtoto kanisani ni ujinga, na ninausema nikijua nusu ya mtaa wenu ingefanya vilevile. Yamepita. Lakini kumwamini tena mtu yuleyule, kwa tabasamu lilelile, hapo utajilaumu mwenyewe.

Alichokuambia nje ya kanisa ni uongo wa pili. Tangu alipoomba ufilisi, kesi yako na Alcide imehamia kule, upende usipende. Hakimu wenu hatairudisha hata akikuonea huruma. Tafuta leo wakili wa msaada wa bure, mwambie neno kwa neno habari ya vigae vya Baton Rouge, kwamba ulitoa nusu ya pili kwa kuamini vipo. Kufilisika si kosa, lakini deni lililopatikana kwa udanganyifu mahakama inaweza kukataa kulifuta. Sikuahidi kwamba utapata hela. Huenda akakulipa kidogo kidogo hadi uzeeni, huenda usione kitu.

Mama yako mtoe humo ndani leo hii, hata akigoma. Hilo halisubiri wakili.

Royce akinuna, mwache anune. Marcelline mwambie ukweli, maana aliyemwaibisha ni Alcide. Na usipopeleka pingamizi kabla ya mwisho wa mwezi, deni litafutwa, na baada ya hapo hata Alcide asimame madhabahuni akiri kila kitu huku analia, hakuna hakimu atakayemlazimisha akurudishie hata senti.