Chai ya Anti Nasieku

Kajiado, Jumapili

Mama yangu, natumai mvua imefika huko Bungoma, kwa maana huku ni upepo na vumbi tu. Nimemsindikiza Naipanoi, tunayesoma naye fizikia ya tiba, kumwona anti yake Nasieku. Anti amemaliza kutibiwa saratani kwa mashine ya miale.

Mama, niko na hasira! Tumemkuta amekaa peke yake nje na kikombe chake cha chai. Shemeji yake amewakataza watoto kumgusa, eti atawachoma.

"Mashine ikizimwa, miale imeisha," nikamwambia shemeji. "Haibaki mwilini."

Akacheka. "Wewe bado ni mwanafunzi."

Ndiyo, na hicho ndicho ninachosomea! Nikakaa kando ya anti, nikachukua kikombe chake, nikanywa chai wote wakitazama. Mjukuu wake mdogo alipoona hivyo, akaja mbio akampanda mapajani. Anti akamkumbatia huku akilia. Shemeji akaondoka bila kuomba msamaha.

Msalimie Baba. Na jirani yetu Mama Agnes akirudi kutoka hospitali, anakotibiwa kwa mashine kama hiyo, tafadhali mkumbatie mbele ya watu.

Nakupenda,
Nekesa