Mwanangu Amefunga Geti Ili Nisitembee

Mpendwa Mama Makhanu,

Sijui kama naomba msaada au natafuta tu mtu mmoja wa kuniambia sijakosea, kwa sababu hapa nyumbani kila mtu ameshaniambia nimekosea, hata mume wangu, mzee ambaye hajainuka kwenye kochi tangu asubuhi, na nimeona heri nikuandikie wewe wa gazetini usiyenijua, labda utanihurumia, labda utanigombeza, lakini angalau utakuwa umenisikiza hadi mwisho.

Mimi naitwa Linah, nimepita miaka sitini na mitano, na kwetu ni Mau Narok, huko ndiko nililea watoto wangu, nikalima viazi, nikakamua ng'ombe, nikabeba kuni na maji mgongoni, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia nifanye mazoezi kwa sababu siku yenyewe ilikuwa mazoezi. Miaka michache iliyopita kijana wetu wa kwanza, Kibii, ambaye Mungu amemsaidia ana kazi nzuri Nairobi, alisema baridi ya Mau imetutosha, akatutafutia nyumba ya mawe hapa Free Area, Nakuru, ina stima na maji ndani, akatununulia makochi ambayo ukikaa unazama, akamwandika Abby, mama mpole sana, atufanyie kazi zote, halafu akanishika mikono akaniambia, "Mama, umechoka kwa ajili yetu. Sasa kazi yako ni kukaa na kula." Nililia kwa furaha, Mama Makhanu, nakwambia ukweli.

Basi nikakaa. Nikiinuka kuosha kikombe Abby ananinyang'anya, nikishika fagio anasema Kibii akijua ataudhika, chai inakuja na mkate na sukari tele ndani, mchana ugali, jioni ugali, katikati ni televisheni, na mzee wangu Kimeli yuko upande wa pili amesinzia na rimoti mkononi. Mwili ukaongezeka, magoti yakaanza kulia, presha ikapanda, ikafuata sukari, na kila nikienda kliniki daktari ananiambia "Mama, tembea," nikirudi nyumbani naambiwa "Mama, kaa," na kwa kweli kukaa ndiko kulikuwa rahisi.

Kilichoniamsha ni mazishi ya shemeji yangu. Kaburi lilichimbwa huko Mau, juu kabisa kwenye shamba, mlima ambao mimi nilikuwa naupanda na gunia la viazi, lakini siku hiyo nilipanda kidogo tu pumzi ikaisha, magoti yakakataa, vijana wa kanisa wakaleta kiti cha plastiki, wakanikalisha, wakaniinua juu juu mbele ya watu wote, Kibii akiwemo, nyuma ya jeneza, na nikasikia mama mmoja akimwuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Na huyu ndiye anafuata?" Machozi yaliyonitoka hayakuwa ya shemeji, yalikuwa ya hasira.

Tuliporudi Nakuru nikaenda kwa jirani yangu Mugure, mjane aliyenishinda miaka, ambaye kila asubuhi namwona akipita na raba zake, nikamwambia nipeleke. Hakuniuliza maswali. Alisema, "Leo tunafika pale kwa jakaranda tu, tunarudi. Ukiweza kuongea ukitembea, uko sawa. Ukiweza kuimba, unanidanganya, hujitumi." Tukaanza hivyo, kwanza jakaranda, baadaye kanisani, baadaye mpaka sokoni, na tukirudi tunakaa kwenye viti vya jikoni kwake tunainuka bila kushika kitu, tunasimama kwa mguu mmoja tukishikilia sinki, tunacheka kama wasichana wa shule. Vijana wa bodaboda walituzoea, wakituona nyanya wawili wanapiga kelele, "Niaje mashosho! Mnakimbizwa na nani?" na Mugure anawajibu, "Na jeneza! Songeni!" Sukari ikashuka, presha ikashuka, daktari akasoma kipimo akatabasamu, na mimi nikaanza kulala usingizi wa mtu aliyefanya kazi.

Nilimwomba mzee wangu aje nasi akanishangaa. "Mtu mzima atembee bila kuenda mahali? Nikiulizwa naenda wapi nitasema nini, nazunguka tu kama mbwa?" Nikamwambia basi akae hapo aoze, na neno hilo najua hajalisahau.

Halafu asubuhi moja nilikuwa nimechelewa, nikameza dawa ya sukari haraka haraka bila hata kunywa chai, tukatoka, na tulipofika karibu na posho mill, pale tunaposagisha mahindi, dunia ikazunguka nikajikuta nimekaa kwenye vumbi. Jamaa wa mkokoteni alisaidia kunirudisha, Mugure akanipa soda nikapata nguvu, lakini kabla sijaimaliza tayari majirani walikuwa wamempigia Kibii. Alifika jioni hiyo, akanikumbatia, akalia kama alivyokuwa akilia akiwa mdogo, na kulipokucha geti lilikuwa na kufuli mpya na ufunguo amepewa Abby. "Mama asitoke mpaka mimi nijue."

Nilifanya nini? Nilipitia kwenye ua huko nyuma, pale kuku wa Mugure wanapopenyea, rinda likararuka, na tukaenda.

Kibii alipoambiwa aliitisha mkutano Jumapili, akaja na dada yake Chepkemoi na mzee mmoja wa kanisa. Aliongea vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema, "Mama, watu wananiuliza kama nimekutupa. Unatembea barabarani kama mtu asiye na watoto. Siku ukianguka usiamke, mimi nitawaambia nini?" Mzee wa kanisa akasema amina. Mimi niliwaacha wakamaliza wote, halafu nikashuka kutoka kwenye kochi nikakaa chini kabisa kwenye zulia, miguu nimenyoosha. Chepkemoi akaruka kuniinua, nikamwambia, "Usiniguse." Nikageuka, nikaweka goti, nikaweka mkono mmoja chini, nikasimama. Goti lililia wote wakasikia, lakini nilisimama. Nikasema, "Kibii, siku ya mazishi nilibebwa kwa kiti na ukaona ni sawa. Leo nasimama mwenyewe unanifungia. Leta ufunguo."

Aliuchukua kwa Abby akauweka mezani polepole, akatoka, na kuku niliyempikia hakumwonja. Tangu siku hiyo hajanipigia simu, yeye aliyekuwa akinipigia kila jioni. Mzee wangu anasema nimemshinda mtoto wangu mbele ya watu na kwamba mama hashindani na mtoto wake. Mimi bado natembea na sitaacha, hilo nakwambia mapema, lakini jioni ikifika simu isilie nasikia kama nimebadilisha mtoto na miguu. Je, niende nikamwombe msamaha kwa sababu ya kutembea? Na huyu mzee, nimtoe vipi kwenye kochi kabla sisi hatujambeba?

Ni mimi,
Linah, Free Area, Nakuru

*

Mama Linah,

Hapana. Hutaomba msamaha kwa kutembea, si kwa mtoto, si kwa mzee wa kanisa, si kwa mtu yeyote anayehesabu nani anafuata. Miguu ni yako. Ilikubeba ukiwa na mimba ya huyo huyo Kibii, na hukuhitaji ruhusa yake wakati ule.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikapiga makofi peke yangu ofisini. Sasa nimeketi, kwa sababu na wewe una yako ya kusikia.

Umeniandikia habari ya kufuli kwa urefu, lakini habari ya dawa umeipitisha haraka kama mtu anayepita mbele ya duka alilokopa. Ulimeza dawa ya sukari tumbo likiwa tupu ukatoka kutembea. Mama, ilikuwa karibu ujiletee mwenyewe kile mnachokikimbia na Mugure! Je, daktari umemwambia? Kwenye barua sioni. Nenda wiki hii. Mwambie ulivyoshikwa na kizunguzungu ukakaa chini, umwulize dawa hiyo inamezwaje na mtu anayetembea, maana dawa uliyoandikiwa ukiwa mtu wa kochi huenda sasa ikahitaji kupimwa upya. Mpaka akujibu, usitoke bila kula, na mfukoni uwe na kitu kitamu na simu. Mugure ajue dawa zako kwa majina. Na ule ua waachie kuku. Ukivunjika nyonga kwenye miiba utakuwa umempa Kibii haki yote.

Sasa huyo kijana. Hakufunga geti kwa ubaya. Alifunga kwa woga, na woga wa mtoto anayempenda mama yake una nguvu kuliko kufuli lolote. Alikwambia upumzike kwa sababu alikuona umeinama maisha yako yote, akadhani mapumziko ndiyo shukrani. Wengi wetu tunadhani hivyo. Tunawatoa wazazi shambani, tunawaweka kwenye kochi, tunawaletea chai, halafu tunashangaa wanavyozeeka upesi. Kwa hiyo mpigie wewe kwanza. Usingoje simu yake, wewe ndiye mkubwa. Usimwambie "nisamehe kwa kutembea". Mwambie, "Nilikutisha, na kosa la dawa lilikuwa langu. Njoo twende kwa daktari pamoja, umwulize wewe mwenyewe kama nikae." Akisikia jibu kutoka kwa aliyesomea, mkutano mwingine hautahitajika. Mama kushindana na mtoto ni vibaya, hapo mzee wako amesema kweli. Lakini kumnyima mama pumzi kwa jina la heshima ni vibaya zaidi, na hilo nalo mtu alipaswa kulisema siku ile.

Kutembea peke yake hakutoshi kama ukirudi unaletewa kila kitu. Dai jiko lako. Abby abaki na kazi yake, mfanye pamoja, yeye aoshe wewe upanguse, yeye achimbe wewe upande. Lazima hapo nyuma kuna kipande cha udongo, tia mboga, sukuma wiki na managu, na viazi usiviache, wewe ni mtu wa Mau. Sukari ya chai ipunguze kidogo kidogo mpaka ulimi usahau. Ugali ukate, mboga ijaze pengo. Yale ya kuinuka kwenye kiti na kusimama kwa mguu mmoja endelea nayo, hayo ndiyo yaliyokusimamisha kwenye zulia. Na itakuja wiki ya mvua, au ya mafua, au ya msiba, usitembee hata kidogo. Usijihukumu ukaacha. Mvua ikikatika, toka. Anayedumu si yule asiyekosa siku hata moja, ni yule anayerudi.

Kuhusu mzee Kimeli, hapo nakugombeza bila huruma. Mwanaume mzima unamwambia aoze? Mwombe radhi leo, huyo ndiye anayekudai msamaha hapo nyumbani. Halafu msikilize vizuri alichosema, maana alikupa dawa yake mwenyewe na hukuiona. Hakusema hataki kutembea. Alisema hana mahali pa kwenda. Huyo ni mkulima, hajawahi kuinuka bila sababu, ndio maana kochi limemmeza. Basi mpe sababu. Maziwa yanayoletwa getini yakatae, yafuatwe kwa miguu kwa mwenye ng'ombe, na yeye ndiye ayafuate kwa sababu wewe hujui kuchagua maziwa kama yeye. Mwambie hivyo, na ukisema usicheke. Tafuteni kinyozi wa mbali kidogo, pale wazee wa rika lake wanapobishana habari za bei ya ngano. Kabla ya hayo apimwe presha naye, maana mtu aliyekaa muda mrefu haanzi kwa kukurupuka. Na neno mazoezi lisitamkwe hapo kwenu kamwe. Yeye anaenda kuleta maziwa. Akirudi amechangamka, nyamaza, kunywa chai.

Mwisho nina neno kwa Kibii, kwa sababu najua barua hii ataletewa, watu wa Nakuru hawawezi kunyamaza. Kijana, mama yako hakukushinda. Alikuonyesha kwamba bado yuko, na wengi wetu tungetoa chochote kuonyeshwa hilo na mama zetu. Jumamosi panda gari uje. Acha viatu vya ofisi nyumbani. Tembea naye na Mugure mpaka sokoni na kurudi, na usimshike mkono asipokuomba.

Ukichoka, mwambie akungoje.