Nimesahau Kujiinua

Dada Skola,

Shikamoo. Sijui kama salamu zinafika huko uliko, lakini siwezi kukuandikia bila kukuamkia. Tangu tukuzike, kiti chako cha magurudumu nakitumia mimi. Melania, mdogo wangu, ameushona mto wa kiti uliopasuka. Baridi ya Sumbawanga imekaza, na bado nashona hapa Chanji kwa cherehani ya mkono uliyonifundishia.

Dada, naogopa. Nisikuzungushe.

Unakumbuka nilivyoletwa wodini, nimeanguka kutoka kwenye lori la mpunga lililokuwa likipanda kutoka Mtowisa? Mgongo umevunjika, nalia tu. Wewe, ambaye ajali ya pikipiki ilikuwa imekumaliza miguu zamani, ukasogeza kiti chako ukasema, "Mdogo wangu, acha kulilia miguu, chunga makalio." Nilikasirika kweli! Baadaye ndiyo nikaelewa. Sisi huko chini hatusikii maumivu. Tukikaa muda mrefu bila kujiinua, nyama inaoza huku tunapiga soga. Ukanipa utaratibu wako wa kazi: ukikata uzi, kandamiza mikono, jiinue, ndipo utunge uzi mwingine.

Halafu ukaanza kusahau. Ukamwita Melania kwa jina langu, ukauliza swali ulilokwisha kujibiwa. Ulicheka ukasema, "Miguu ilivyolala, akili nayo inasinzia." Tukacheka wote. Kidonda kilipoonekana kilikuwa kimefika mfupani. Msibani watu walisema ulijiachia. Hukujiachia, dada. Ulisahau.

Sasa ni mimi. Juzi nilikata blauzi ya mama mmoja wa kwaya, mikono yote miwili nikaikata ya kulia. Hilo nililirekebisha kwa kitambaa kilichobaki. Kinachoninyima raha ni kwamba nakata uzi, halafu sijui kama nimejiinua au nimewaza tu kujiinua. Najiinua tena, na tena, mabega yanauma, na bado sina uhakika. Jioni Melania akinigeuza kunikagua, mimi namwangalia usoni tu. Jana alikuta wekundu. Akatoka nje, nikamsikia akimweleza kaka yetu Deo kwenye simu.

Kaka Deo anataka kunichukua nikakae kwake Kaoze, kule bondeni. Anasema mtu aliyevunjika mgongo, kichwa nacho kikianza kupotea, mjini hapamfai. Ana nia njema, sikatai. Lakini Kaoze ni joto na jasho, na asubuhi wote wanakwenda shamba. Nitabaki nimekaa peke yangu, bila cherehani, bila kliniki ya karibu. Nani atanikumbusha?

Wiki iliyopita nilimuuliza nesi, nikajifanya naulizia jirani. Akasema kusahau kwa watu wa hali yetu si uzembe wala si kurogwa. Wengine presha inashuka wakikaa, damu haifiki vizuri kichwani. Wengine ni dawa za maumivu, au usingizi mbovu, au mkojo wenye wadudu. Wengine kichwa kiligongwa siku ile ile ya ajali, na kwa kuwa wote walikuwa wanahangaika na mgongo, hakuna aliyekiangalia. Mengine yanatibika, alisema, ila mpaka mtu ajitokeze apimwe. Akanitazama. Nikaaga haraka haraka.

Niliogopa kuonekana sina akili, kisha kila mtu anisemee mbele yangu kana kwamba sipo. Miguu nimeshazoea kuikosa. Akili ndiyo niliyobaki nayo, dada, ndiyo mimi mwenyewe. Nadhani na wewe ulikuwa unacheka kwa hofu hiyo hiyo.

Kwaheri, dada yangu. Nakupenda, na nimekukasirikia pia kwa kwenda mapema hivi. Pumzika. Nakuahidi jambo moja tu: kesho Melania atanisukuma hadi kliniki, na nitamwambia nesi kwamba yule jirani ni mimi.

Mdogo wako,
Tekla